Dakika Tatu za Jirani

Matanga ya kwetu huku Bonde la Ufa yana ugonjwa mmoja: hakuna mtu mbaya hufa. Mlevi akizikwa, alikuwa mcheshi. Mchoyo akizikwa, alikuwa mtu wa kupanga mambo yake vizuri. Na yule aliyekuwa akimpiga mke, huyo alikuwa mtu wa msimamo, na mke mwenyewe ameketi pale mbele anatikisa kichwa, usijue anakubali au anakataa. Tumezoea. Tunasikiliza, tunangoja chakula, tunaenda nyumbani.

Sasa Kogo Chepkurui wa Kuresoi alikuwa mtu mzuri kweli kweli, na shida ilianzia hapo. Uzuri wake haungeweza kusimuliwa bila mtu kuuliza aliwaokoa watu kutoka kwa nani.

Wachuka alipata habari Jumatatu asubuhi, akiwa kwa mashine yake ya kufuma sweta za shule pale Bahati, nje ya Nakuru. Namba ilikuwa ngeni, na sauti ilikuwa ya msichana.

"Anti Wachuka? Mimi ni Cheptanui, mjukuu wa Kogo Chepkurui. Kogo ametuacha jana."

Wachuka akaacha mashine. Yeye ni Mkikuyu kwa baba na kwa mama, lakini tangu ajue kuongea hakuwahi kumwita yule mama jina lingine ila Kogo, yaani nyanya, kama walivyomwita wajukuu wake mwenyewe. Mashamba yao yalikuwa yamepakana kule Kuresoi, na ua uliokuwa katikati ulikuwa na pengo ambalo watoto walipita mpaka likawa njia. Akalia kidogo kwa simu bila haya, na yule msichana akamngoja amalize.

"Tunazika Ijumaa," Cheptanui akasema. "Mimi ndio natengeneza programu. Kogo alisema mtu wa kwa Mama Wangui lazima aongee, kwa hivyo nimekuweka upande wa majirani. Dakika tatu."

"Nitakuja. Na Mami atakuja."

"Na naomba kitu, anti. Useme ile stori yote ya 2008. Hapa kila mtu anajua Kogo aliwaficha, lakini ukiuliza ilikuwa aje, wazee wanaanza kuongea juu ya mvua. Sisi tumechoka kufichwa vitu. Sema yote. Hata majina, sema tu."

Wachuka aliipenda sauti hiyo isiyoogopa. Akauliza, kwa kutaka kujua tu, "Wewe ni msichana wa nani hapo nyumbani?"

"Wa Kipruto, yule mkubwa wao. Nilikuwa bado nanyonya wakati wa ile fujo."

Wachuka akasema sawa, wataonana Ijumaa. Alipokata simu hakurudi kwa sweta. Aliketi akiangalia uzi wa kijani uliokuwa umekwama kwa sindano za mashine, na hakukumbuka kuukwamua mpaka saa sita.

Kwa maana jina alilokuwa nalo Wachuka lilikuwa moja tu, na lilikuwa hilohilo.

Hebu turudi nyuma kidogo. Januari ya 2008, baada ya uchaguzi, Wachuka alikuwa na miaka tisa. Baba yake, Kihara, alikuwa amekwenda Nakuru na barabara zikafungwa akiwa huko. Vijana wa hapo kijijini walipokuja kuwafukuza Wakikuyu, Mami alimfunga mtoto Muiruri mgongoni, akamshika Wachuka mkono, wakakimbia ndani ya mahindi. Wachuka aligeuka mara moja tu. Alimwona Kipruto, mtoto wa Kogo, yule aliyemfundisha kupanda punda, akiingia kwa lango lao na jerikani ya petroli. Muda mdogo baadaye moshi ukapanda.

Walipitia lile pengo la ua. Kogo hakuwauliza kitu. Aliwaingiza kwa stoo yake ya viazi, akawapanga nyuma ya magunia kama mtu anayepanga mbegu, akafunga mlango akaenda kukamua ng'ombe. Walikaa humo siku tatu. Viazi vilikuwa vimeanza kuota, giza lilinuka udongo na maziwa lala, kwa sababu chakula alichoweza Kogo kuleta bila kuonekana kilikuwa mursik, hayo maziwa lala ya kugandishwa, kwenye kibuyu chake, kile kinachosuguliwa mkaa kwa ndani. Wakanywa mursik asubuhi, mchana na jioni. Mami alikuwa na kiganja chake juu ya mdomo wa Muiruri karibu siku zote hizo tatu, akikiondoa mtoto anyonye, akikirudisha.

Siku ya tatu, mchana, vijana walifika kwa Kogo na panga. Wachuka aliwaona kupitia ufa wa mbao. Kipruto alikuwa mbele. Kogo alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo na kibuyu mkononi, mwanamke mdogo wa mwili, na hakuinua sauti.

"Kunywa kwanza," alimwambia mtoto wake.

Kipruto akanywa. Halafu akampita mama yake, akaingia, akasimama gizani pumzi ikimwenda mbio. Akatoka. "Ni viazi tu," aliwaambia wenzake, na wakaenda. Kesho yake lori la jeshi likapita barabarani, Kogo akalisimamisha kwa kusimama katikati ya njia, na hivyo ndivyo jamaa ya Kihara walivyofika Bahati wakiwa wazima wote.

Na bado hakuwaacha. Miaka yote iliyofuata alililima lile shamba lao ili mtu asilikalie, na kila mavuno gunia moja la viazi lilishushwa Bahati kutoka kwa lori la sokoni, limeshonwa kwa kamba nyekundu ili wajue ni lake. Baba alipofariki magunia yalikuja mawili.

Kwa hivyo Wachuka alikuwa na shukrani kubwa na hasira kubwa, na zote mbili zililala tumboni pamoja. Alimshukuru mama, akamchukia mtoto, na alijua kabisa kwamba Kipruto angewamaliza siku ile kama si giza la stoo na ujanja wa Kogo. Hivyo ndivyo alivyojua.

Jioni alimsomea Mami alichoandika. Mama Wangui alikuwa anachambua maharagwe, na hakuinua kichwa.

"Sema alikuwa mtu mzuri, halafu ukae chini," akasema.

"Mzuri wa nini, Mami? Kila mtu anayezikwa ni mzuri. Hata yule fundi aliyetuuzia mabati yenye matundu alikuwa mzuri."

"Watu wataelewa."

"Hawataelewa. Watafikiri alitupatia chumvi. Mami, yule mama alisimama mbele ya panga. Nikinyamaza nitakuwa nimemzika kama mtu wa kawaida."

Mami akaendelea na maharagwe. Huyu ni mwanamke ambaye kwa miaka kumi na saba hakuwa ameongea juu ya zile siku tatu, hata na mumewe. Wala hakuwa ameonja mursik. Ukiimimina karibu naye alikuwa anatoka nje, anajifanya ameitwa na kuku. Wachuka alikua akifikiri ni mambo ya tumbo.

"Na jina umeandika?" Mami akauliza mwishowe.

"Nimeandika."

"Huyo ni mtoto wake. Siku hiyo atakuwa anamwaga udongo kwa kaburi la mama yake."

"Alimwaga petroli kwa nyumba yetu."

"Alimwaga. Nani amekataa?" Mami akaweka sinia chini. Alikuwa amekasirika, na ilikuwa nadra. "Sikwambii usiseme. Mdomo ni wako, na hata mimi nimechoka na huu wangu. Lakini unajua spika za matanga. Zile hufungwa kwa mti, zinasikika mpaka barabarani. Kama lazima umtaje mtu, asilisikie jina lake mara ya kwanza kwa spika, na watoto wake wameketi hapo kando yake. Mwambie uso kwa uso. Ukishindwa kumwambia uso kwa uso, basi hata kwa spika hauna haki."

Wachuka akakunja karatasi kwa hasira. Akaandika tena Jumanne. Akaandika Jumatano. Jina alilifuta, akalirudisha, akalifuta, mpaka karatasi ikatoboka mahali hapo.

Ijumaa Kuresoi kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Hema zilikuwa zimesimamishwa, sufuria zilikuwa zinachemka, na wamama wa kanisa walikuwa tayari wanazozana juu ya nani aliharibu mchele. Mami aliingia kati ya wanawake, akapewa kisu na kabichi kama mtu ambaye hakuwahi kuondoka. Wachuka alimtafuta Kipruto. Alimpata nyuma ya nyumba, kwenye ileile stoo ya viazi, akitoa magunia ili viti vya wageni viingie mvua ikinyesha. Alikuwa mtu mzima sasa, mzee wa kanisa mwenye mvi kidogo na koti la kuazima.

"Baba Cheptanui," Wachuka akasema. "Pole kwa Kogo."

"Asante, Wachuka. Asante kwa kuja." Alimtambua mara moja, na macho yake yakaenda pembeni.

"Nimepewa dakika tatu. Nataka usikie kwanza nitakachosema."

Akamsomea pale pale mlangoni, yote, na jina likiwa ndani. Kipruto alisikiliza ameshika gunia kwenye pembe zake mbili, akaliweka chini polepole ilipofika petroli.

Wachuka akangoja kufukuzwa.

"Nyumba yenu nilichoma mimi," akasema. "Sikutumwa. Watu husema walitumwa. Mimi nilikuwa naona raha."

Wachuka hakuwa amejitayarisha kwa jibu hilo. Alikuwa amejitayarisha kwa kukataliwa.

"Lakini hapo kwa stoo, umekosea mahali pamoja," Kipruto akaendelea. Akaonyesha kona kwa kidole. "Ulikuwa na soksi nyekundu. Ilikuwa imetokea hapo chini ya gunia, mguu mmoja. Niliiona."

"Kulikuwa na giza."

"Giza ya kukufanya usione soksi nyekundu? Niliiona vile naona wewe. Wenzangu walikuwa nje na panga, na mimi nimesimama hapa nimetoka kunywa maziwa ya mama yangu, naangalia mguu wa mtoto. Cheptanui alikuwa na miezi minane." Alijipangusa uso kwa mkono wa koti. "Si kusema mimi ni mtu mzuri. Kama si mama kunishikisha kile kibuyu, sijui. Mpaka leo sijui. Yeye alijua kwamba niliona. Hakuwahi kuniambia asante, na hakuwahi kuniambia chochote kuhusu ile nyumba. Lakini lile shamba lenu alikuwa ananilimisha mimi. Kila msimu. Hizo gunia zenu, ni mimi nilikuwa nashona ile kamba."

Wachuka akaegemea mbao za stoo. Miaka kumi na saba alikuwa amekula viazi vya mtu huyu akidhani anamchukia akijua habari yote. Hasira yake haikuisha, wacha nikwambie ukweli, na hakuna sababu ingeisha. Lakini aliogopa sana kufikiria jinsi alivyokuwa karibu kupanda mbele ya watu mia nne na kusema nusu ya habari kana kwamba ni nzima.

"Nataka kusema nini kilitokea," akasema. "Siwezi kumshukuru Kogo kwa mafumbo."

"Sema. Sema ya nyumba, sema ya panga. Jina langu tu, hilo niachie. Sikuombi ulifiche. Watoto wangu hawajui, na nataka walisikie kwa mdomo wangu. Nipe nusu saa."

Akampa.

Kutoka chini ya hema Wachuka aliwaona. Kipruto aliwaita watoto wake watatu kando ya zizi, akavua kofia, akaongea akiangalia viatu vyake. Wavulana wawili walisimama tu. Cheptanui alisema kitu kimoja kifupi, akageuka, akaenda mpaka kwa ua, akasimama pale peke yake amewapa watu mgongo. Wachuka aliumia kumwona. Msichana ndiye aliyetaka majina.

Lakini Cheptanui ndiye aliyekuwa na kazi ya kusoma historia ya marehemu, na mfawidhi, yule aliyeendesha programu, alipomwita alikuja. Aliisoma yote, kuzaliwa, kubatizwa, kuolewa, watoto, wajukuu, bila kuruka neno na bila kuangalia upande alioketi baba yake. Alipomaliza alikunja karatasi mara nne.

"Majirani," mfawidhi akasema. "Dakika tatu, na tafadhali tuheshimu saa, kuna mvua."

Wachuka akashika kipaza sauti. Hakufungua karatasi.

"Mimi ni Wachuka, msichana wa Kihara na Wangui. Tulikuwa tunakaa hapo, mahali mnaona hiyo miti. Januari ya 2008 nyumba yetu ilichomwa, na tukakimbilia kwa Kogo. Alituficha kwa stoo ya viazi siku tatu, mimi, Mami na mtoto mchanga. Waliokuja kututafuta hawakuwa wageni. Walikuwa vijana wa hapa hapa, wengine wameketi hapa. Sitawataja. Si kwamba nawaogopa, na si kwamba nimesahau. Kila mtu aseme lake mwenyewe, na aanzie nyumbani kwake."

Wazee wawili walianza kuangalia mawingu.

"Kogo alisimama mlangoni na kibuyu. Hakuwa na panga. Angeweza kusema hakutuona, na hakuna mtu angemlaumu. Mmoja wa wale vijana aliingia. Miaka hii yote nilikuwa nafikiri hakuona kitu. Leo asubuhi nimejua aliona mguu wangu, akatoka, akasema ni viazi. Hilo pia ni kazi ya Kogo. Alituokoa sisi na panga, na siku hiyohiyo akamwokoa mtu mwingine asiwe muuaji. Nimekuja kusema asante kwa yote mawili. Kogo, niko hai. Niko na mashine ya kufuma. Muiruri anajifunza ufundi wa umeme kule Olkaria, na ana mdomo mwingi kwa sababu alinyamazishwa akiwa mdogo. Asante."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha watu wanaolia, na mfawidhi hakutaja saa.

Baada ya kaburi kufunikwa, watu waliketi kula. Mami alikuwa amewekwa mstari wa mbele na wazee wa boma, sahani ya viazi na kabichi mapajani. Ndipo Kipruto akatoka jikoni amebeba kibuyu cha mama yake na kikombe cha bati. Kumpa mgeni maziwa ilikuwa kazi ya wasichana wa nyumba, na kulikuwa na wasichana wengi. Watu wakaacha kutafuna. Alipita mbele ya wote mpaka kwa Mami, akapiga magoti kwenye majani yenye maji, na lile koti la kuazima likaburura chini. Akamimina, na harufu ikatoka, ile ya mkaa na maziwa yaliyolala.

Wachuka alimwona mama yake akikaza mikono kwenye sahani. Akajua anataka kutoka nje, na tayari walikuwa nje. Hakukuwa na kuku wa kusingizia.

Kipruto alinyoosha kikombe kwa mikono miwili. Nyuma yake, mlangoni mwa jikoni, Cheptanui alikuwa amesimama amekunja mikono, macho mekundu, bado amekasirika, lakini safari hii alikuwa anamwangalia baba yake.

Mami aliangalia kikombe. Akamwangalia aliyekishika.

"Kunywa kwanza, Kipruto," akasema.

Wachuka hakuwahi kumsikia akilitaja jina hilo tangu ile Januari. Alilisema bila kuinua sauti, kama mtu anayemwita mtoto wa jirani aje kula. Kipruto akanywa, machozi yakiingia kwenye kikombe naye hajipangusi. Halafu akakijaza tena, na Mama Wangui akakipokea, akanywa pole pole mpaka chini, akapangusa mdomo kwa kiganja.

"Ni ya Kogo kabisa," akamwambia Wachuka. "Onja."